Mwanangu Hakulilia Jina

Mwanangu alikuwa na majina matatu kabla hajaota jino hata moja. La kwanza nilimpa mimi: Mabula, kwa sababu alizaliwa siku ya mvua kubwa. Mawili yaliyofuata aliyapata kwa ajili ya vidonge vyangu. Watu wazima, wenye akili zao, walichinja kuku, wakamwaga unga na maji, wakawashukuru wazee waliolala, na mimi nilikuwa hapo hapo nyumbani.

Naandika kwa ajili ya mama ambaye sasa hivi watu wanamsifia mtoto mpole, na yeye peke yake ndiye anayejua ana nini kwenye fundo la kanga. Kama ni wewe, usinikasirikie. Hasira ninayo mimi, inatutosha sote wawili.

Nilipasuliwa. Mtoto alikaa vibaya, nikapelekwa hospitali ya misheni nimelala nyuma ya pikapu juu ya magunia matupu ya pamba, wakamtoa mzima. Siku ya kuruhusiwa nilipewa kibahasha cha karatasi chenye vidonge vyeupe vya maumivu, kodeini, vya siku tano. Kimoja mara tatu. Nesi aliniambia kwa Kiswahili cha kueleweka: "Vikiisha, basi. Maumivu yanayobaki ni ya kidonda kupona." Sitasema sikuambiwa. Niliambiwa.

Lakini nesi hakuja nami Ngulyati, kijijini kwa mume wangu. Kule kulikuwa na palizi. Mvua ilikuwa imeipenda pamba na ikayapenda na magugu, na mama mkwe wangu, Mayu Milembe (kwetu mama ni mayu), ni mtu ambaye alijifungua mtoto wake wa nne akamaliza na tuta alilokuwa akilima. Hivyo ndivyo anavyosimulia. Hakunilazimisha kushika jembe. Alisema tu, akiwa amenipa mgongo, "Pumzika, Limi mwanangu. Wasichana wa sekondari mna mifupa ya karatasi." Kesho yake nilikuwa shambani.

Ukiinama na mshono, unaujua kila uzi. Nilipalilia siku mbili. Siku ya tatu nikaenda dukani.

Zamani, nikiwa mdogo, dawa zilikuwa za zahanati, na zahanati ilikuwa na kabati moja lenye kufuli. Ikaja ruksa ya biashara. Kila mtu akafungua chake. Barabarani kwetu, kati ya mzani wa mnunuzi binafsi wa pamba na kibanda cha soda, kukawa na duka la dawa baridi. Mwenyewe tutamwita Sitta. Aliwahi kuwa mhudumu wa wodi, akapunguzwa kazini pamoja na wenzake wengi, akaondoka na koti jeupe. Watu wote walimwita Dokta, na mimi nilimwita Dokta.

"Mwangaluka, Dokta."

"Mwangaluka, mama Mabula. Kidonda?"

"Kidonda na mgongo. Nataka kama hivi." Nikampa kile kibahasha kitupu.

Alikisoma, akakigeuza nyuma, akakisoma tena. "Hivi ni vikali. Hivi haviuzwi bila cheti." Kisha akatabasamu. "Lakini cheti si ndiyo hiki? Hospitali imeandika yenyewe, kimoja mara tatu. Mimi nani nibishane na hospitali?"

Kibahasha cha siku tano kilikuwa cheti changu kwa miezi saba. Nilikibeba kifuani mpaka kikachanika kwenye mkunjo, na Sitta akakiunga kwa plasta, ile ya vidonda, kwa mikono yake. Alifanya hivyo kwa uangalifu, kama anamfunga mtoto.

Sitakudanganya kuhusu vidonge vyenyewe. Vilikuwa vitamu. Si mdomoni, mdomoni ni vichungu. Ilikuwa nusu saa baadaye, pale ambapo kila kitu kinachokuvuta kinakuachia. Mshono uliniachia. Mgongo uliniachia. Maneno ya Mayu Milembe yalinipita kama upepo unavyopita mtama. Nilipalilia mistari yangu na ya jirani. Mume wangu, Masanja, ambaye alikuwa amepata kazi kwa mnunuzi wa pamba, akirudi nyumbani Jumapili tu, aliniambia, "Umepona haraka, mke wangu." Nilifurahi aliposema vile. Nilijiona mwanamke wa kwao.

Palizi ya pili, kimoja kilikuwa hakitoshi. Mshono ulikuwa umeshapona, nilikuwa naupapasa na hauumi, na bado nilimeza viwili, kwa sababu nisipomeza mwili ulinikera wote. Kama nguo ya sufu iliyovaliwa ndani. Ngozi iliwasha. Choo kilifunga siku nne, siku tano. Nilikula kidogo, nikawa mwembamba usoni, nikaambiwa kunyonyesha ndivyo kulivyo.

Na mtoto alilala. Hilo ndilo ninalotaka ulisome mara mbili. Niliwekewa mtoto kwenye kivuli cha mti pembeni ya shamba pamoja na watoto wa wenzangu, na wale wengine walipiga kelele kama ndama, wangu alilala. Akiamka, ananyonya kidogo, anasinzia na chuchu mdomoni. Wanawake wa kikundi chetu cha kulima walikuwa wanamzunguka.

"Huyu umemzaa au umemwazima kanisani?" alisema mmoja.

"Nikopeshe palizi hii tu, mimi wangu mchukue ukamweke kwenye pamba afukuze ndege."

Mayu Milembe alijibu kwa niaba yangu, shingo juu: "Wa kwetu hawalii ovyo. Hata baba yake alikuwa hivi."

Mwongo. Baba yake alilia mpaka akaitwa ngoma, Masanja ameniambia mwenyewe. Lakini nani atabishana na sifa?

Masika ilipokolea, reli ilikatika. Dawa za Sitta zilikuwa zinatoka Mwanza kwa treni, zinashushwa Malampaka, kisha zinaletwa na gari lolote litakalokubali tope. Nilifika dukani, akafungua mikono. "Hakuna. Wiki ijayo, Mungu akipenda."

Nilirudi nyumbani nikipiga miayo. Mpaka jioni pua zilikuwa zinatiririka, machozi yanatoka, ngozi imesimama vipele kama kuku aliyenyonyolewa. Miguu! Hiyo miguu sitaisahau. Haikuuma, ilikuwa inataka kwenda. Nilikaa, ikataka kusimama. Nilisimama, ikataka kukaa. Nilitembea kuzunguka zizi mpaka ng'ombe wenyewe wakanishangaa. Tumbo lililofunga wiki nzima likafunguka lote. Kila mtu akasema malaria, na mimi nikasema malaria, nikapewa klorokwini, nikawashwa mara mbili. Nilikuwa nimesoma biolojia mpaka kidato cha nne. Nilijua malaria. Nilijua kwamba hii ingeondoka kwa vidonge viwili vyeupe, na mwili wangu ulijua vilevile, na bado nikasema malaria.

Kesho yake mtoto akaanza kulia.

Hakuwa na sauti kama ya watoto wengine. Ilikuwa nyembamba, haina pumzi katikati. Alikataa ziwa, akalitaka, akalikataa. Alipiga chafya mfululizo. Mikono ilitetemeka ukimvua nguo. Mayu Milembe alimbeba, akamwimbia, akamkanda mafuta ya ng'ombe tumboni, akamshika hivi na vile siku mbili nzima. Siku ya tatu akamweka mapajani akamtazama.

"Anamlilia guku," alisema, yaani babu.

Kwetu mtoto anayelia bila sababu anadai jina. Kuna mzee aliyekufa anayetaka kuitwa tena nyumbani, na mtoto ndiye mdomo wake. Usicheke kama wewe ni wa mjini, nawe kwenu yapo. Mayu Milembe ni Mkatoliki, hakosi misa, na Jumanne ile alichukua kuku mweupe akaenda naye kwa mganga anayesoma matumbo ya kuku, mzee mmoja aliyehamia kutoka Kimali. Kuku akasomwa. Akaonekana Maduhu, babu yake Masanja, aliyekufa mwaka wa njaa na hakupata mtu wa kulibeba jina lake.

Mtoto akafungwa ushanga mweupe mkononi. Unga na maji vikamwagwa mlangoni. "Maduhu, karibu nyumbani. Tulia sasa."

Asubuhi ileile gari lilikuwa limefika kutoka Malampaka. Mimi sikwenda dukani. Miguu haikunibeba. Aliyekwenda ni Masanja, mume wangu, alikuwa amekuja kwa ajili ya jina la babu yake. Alinikuta nyuma ya nyumba nimejikunja, nikampa kibahasha chenye plasta, akakimbia. Alikimbia kweli, mtu mzima na viatu vyake vya kazini mkononi, kwenye tope. Alidhani anaokoa maisha yangu.

Nilimeza vitatu. Nikanyonyesha. Kabla jua halijafika katikati mtoto alikuwa amelala, na mama mkwe wangu alikuwa analia kwa furaha. "Mmeona? Mmeona alichokuwa anataka?"

Pale ndipo nilipojua. Nilimtazama mtoto, nikatazama ziwa langu, nikaunganisha. Nilikuwa na sekunde moja ya kusema. Watu walikuwa wanapiga vigelegele. Mzee Maduhu alikuwa amerudi nyumbani baada ya miaka yote ile, nami nimwambie nani kwamba hakurudi? Na nikisema, nitamaliza vipi siku bila vidonge? Hiyo ndiyo ilikuwa sababu kubwa. Naiandika ilivyo.

Wakati wa kuvuna nilijaribu kuacha peke yangu. Nilichimba shimo nyuma ya choo, nikafukia vilivyobaki, nikamwomba Mungu kwa kiburi. Siku ya pili mtoto akaanza ile sauti. Safari hii alitapika pia. Mayu Milembe hakupoteza muda, akachukua jogoo. Jibu la jogoo: Maduhu ana kaka yake, Ng'wandu, ana wivu, tuliruka mkubwa tukampa mdogo. Ushanga mwingine. Jina jingine. Na mimi, wakati wanamwaga unga mlangoni, nilikuwa nyuma ya choo nachimba kwa vidole.

Nilivila na udongo wake. Mtoto akatulia. "Ng'wandu, asante."

Kama unatafuta siku niliyojichukia kuliko zote, ni hiyo.

Mwezi uliofuata, pamba ikiwa inaishia, nilimpeleka kliniki kupimwa uzito. Nilikuwa nimeruka miezi miwili. Unaujua ule mzani unaoning'inia, na ile suruali ya turubai. Hakuna mtoto anayekubali. Kina mama tulijaa kwenye benchi, foleni inasogea matako kwa matako, na kila mtoto aliyening'inizwa alipiga yowe la kuuawa, tunacheka. Wangu akaning'inizwa. Kichwa kikalala pembeni. Akaning'inia pale kama nguo iliyoanikwa, amelala.

Benchi lilicheka. "Huyo ni askofu!"

Nesi hakucheka. Alikuwa mama mnene, anaitwa Agripina, mkali, anajulikana kwa kurudisha watu nyumbani wakaoge. Alimtekenya mtoto unyayo. Akamfinya. Mtoto akafungua jicho, akalifunga. Nesi akatazama kadi, pale ambapo mstari wa uzito ulikuwa umeacha kupanda ukaanza kuanguka kama njia ya kwenda mtoni. Kisha akanishika kidevu mimi, akanigeuzia dirishani, akanitazama machoni kwa muda mrefu.

"Unakunywa nini?"

"Uji na—"

"Sijauliza chakula."

"Situmii kitu, sista."

"Mboni zako zimekuwa kama tundu la sindano, na hapa ndani kuna giza. Nakuuliza mara ya mwisho kwa upole, baada ya hapo nitauliza mbele ya benchi."

Nikatoa kibahasha. Akasoma tarehe ya hospitali. Akaipapasa ile plasta. Aliyonena juu ya Sitta siyaandiki, yeye ni mtu wa kanisa.

Aliniingiza chumba cha sindano akafunga mlango. Alisema vidonge hivi ni ndugu wa afyuni, kwamba vinapita kwenye maziwa, kwamba mtoto si mpole, amelewa. "Siku moja," alisema, "utaamka umsifie alivyotulia, na atakuwa ametulia moja kwa moja. Hajasahau kulia, mama. Anaelekea kusahau kupumua."

Nikasema leo leo naacha. Nilikuwa nimeshasimama. Akanikalisha kwa bega. "Ukiacha ghafla mtaumwa nyote wawili, na kesho kutwa utakuwa dukani tena. Ulishajaribu?" Nikaitikia. "Mara ngapi?"

"Mara mbili, moja kwa kukosa. Amepewa majina mawili."

Hakuelewa. Nilimweleza. Akafunika mdomo kwa mkono, na sijui hadi leo kama alikuwa anacheka au analia.

Tulilazwa hospitali ya misheni, ileile nilikopasuliwa. Walinipunguzia vidonge kidogo kidogo, kwa mpango wao, chini ya macho yao, na mtoto akapewa uji na maziwa ya ng'ombe, na ziwa langu kwa zamu waliyopanga wao. Sikwambii idadi. Usije ukafanya hesabu zangu kwa mwili wako. Nenda ukakae kwenye benchi la watu wanaojua.

Nakwambia vingine. Nakwambia kwamba kila walipopunguza, miguu ilianza upya. Nilitembea varanda ile mpaka mfagiaji akanipa ufagio: "Kama unakwenda tu, nenda na huu." Nilifagia wiki tatu. Kulikuwa na bibi wa kitanda cha jirani, amevunjika nyonga, aliyenikanda nyayo kwa fimbo yake, yeye kalala, mimi nimesimama. Kulikuwa na siku nilimchukia mtoto kwa sababu alinigusa. Ngozi yangu haikutaka kuguswa na kitu chenye joto. Ikipita siku kama hiyo kwako, mpe mtu mwingine ambebe, utembee. Inapita.

Masanja alikuja mara moja. Nilimweleza. Alikaa ukingoni mwa kitanda akitazama viatu vyake. "Kwa hiyo siku ile nilikimbia kwenye tope..." alisema, na hakumaliza. Akaondoka bila kuaga. Nilimsamehe baadaye, naye akanisamehe baadaye zaidi.

Masanja hakumwambia mama yake kitu. Kwa hiyo Mayu Milembe alipofika, alifika na kuku.

Ilikuwa saa nne asubuhi, wakati wa kuona wagonjwa. Mtoto alikuwa katika siku zake mbaya, analia ile sauti nyembamba, nimekaa naye kwenye benchi la nje. Nikamwona akija na kikapu, na kichwa cha kuku mwekundu kimechungulia. Hakuniamkia.

"Lete mtoto. Nimeshaongea na mzee wa Kimali. Kuna wa upande wa kwenu. Ninyi mmekaa na mtu wenu mnatusumbulia mtoto."

"Mayu, kaa."

"Sikai. Anaumia."

"Mayu, mtoto halilii jina. Hajawahi kulilia jina."

"Sasa analilia nini, wewe msomi?"

"Vidonge vyangu."

Nikamweleza. Niliongea haraka, nilijua nikipumua nitaacha. Mshono, Sitta, palizi, treni, Maduhu, shimo nyuma ya choo, Ng'wandu, nesi na mboni zangu, zamu za ziwa. Benchi zima lilisikiliza, kuku naye alisikiliza. Nilipomaliza, Mayu Milembe alikuwa ameshikilia mhimili wa varanda.

"Baba mkwe wangu alirudi nyumbani," alisema polepole. "Nilimpokea. Nililia machozi."

"Najua, mayu. Nilikuwepo."

"Ulikuwepo." Alinisogelea. Nilidhani atanipiga, na nilitaka. "Umenifanya nimwagie unga vidonge."

Akamchukua mtoto mikononi mwangu, akamfunga mgongoni kwa kanga, akashuka ngazi akaenda. Hakugeuka. Nilimwona akipita geti, akishika njia ya barabarani, yowe la mwanangu likipungua kadiri anavyokwenda, mpaka sikulisikia tena. Sikumfuata. Ningesema nini? Huyu ni wangu, nimemtunza vizuri? Kuku alibaki kwenye kikapu karibu na miguu yangu. Miguu haikutulia, na safari hii haikuwa kwa ajili ya dawa.

Jua lilikuwa limesimama juu kabisa aliporudi. Vumbi mpaka magotini. Mtoto alikuwa macho, amechoka kulia, ananyonya kidole cha bibi yake.

"Ana njaa," alisema. "Zamu ya ziwa ni saa ngapi?"

"Imefika."

"Basi nyonyesha. Majina ya wazee nitayarudisha mwenyewe, nitawaomba radhi, wewe usiwepo. Kuku tutampika hapa. Hawezi kurudi bure." Akakaa kwenye benchi mbali na mimi, nafasi ya mtu mmoja katikati. Baada ya muda akasema bila kunitazama, "Mboni. Huyo nesi aliziangaliaje?"

Nikamwonyesha. Uso kwenye mwanga, kope juu.

Nimeacha. Nimepita msimu mzima na nusu. Nilirudi dukani kwa Sitta mara moja, nikamtukana mbele ya wateja kwa Kisukuma na Kiswahili, akanisikiliza kwa adabu akipanga chupa. "Nilikushika mkono, mama Mabula? Mimi nauza. Sasa hivi kila kitu kinauzwa." Duka bado lipo. Nikipita pale, mwili wangu unageuza kichwa kabla sijauambia. Sitaki kukuficha hilo.

Tulipong'oa miti ya pamba na kuichoma mwaka ule, mtoto alianza tena kulia. Alilia asubuhi nzima, sauti nene, ya hasira, anagongagonga ngumi mdomoni. Majirani walitazama jikoni kwa Mayu Milembe, wakangoja atume mtu kuleta kuku.

Akatoka, mikono ina unga. "Limi! Umekunywa?"

"Sijanywa, mayu."

"Njoo hapa."

Nikaenda. Akanishika kidevu, akanigeuzia juani, akavuta kope zangu kwa kidole gumba chenye unga, jicho moja, kisha la pili, taratibu, kama mtu anayesoma. Bado hufanya hivyo mpaka leo, na mimi bado huenda nikiitwa.

"Basi ni meno," aliwaambia majirani. "Mwacheni Mabula alie."